Kupunguza umeme na kuni katika skuli za wilaya: tuanzie wapi?

Mwalimu wa Wete

Assalaam aleykum. Nimo katika kamati inayotayarisha mpango wa kupunguza matumizi ya nishati na gesijoto katika skuli za wilaya yetu hapa Pemba, na kwa kuwa fedha ni chache, wajumbe wengi wanataka zote ziende kwenye paneli za sola. Mimi nasita. Tangu mwaka 2010 umeme wetu unatoka Tanga kwa waya uliopitishwa chini ya bahari, na sehemu kubwa ya umeme wa gridi ya Taifa huzalishwa kwa maji na gesi asilia, si kwa dizeli kama ile ya majenereta tuliyoyategemea zamani. Je, sola ndiyo itakayopunguza zaidi, au kuna hasara kubwa zaidi tusiyoiona?

Fundi Chake

Wa aleykum salaam, Mwalimu. Kabla ya kununua chochote, waombeni walinzi wasome mita jioni milango inapofungwa na tena alfajiri, kwani yuniti zinazoliwa usiku, wakati hamna mwanafunzi hata mmoja, ndizo zinazosema kweli. Aghalabu mtakuta ni pampu. Swichi ya boya, ile inayozima pampu tangi likijaa, ikiharibika, tangi hufurika usiku kucha na pampu haizimiki. Pampu ya kilowati moja ikizunguka bure kwa saa kumi imekula yuniti kumi. Chumba chenye tyubu nne za kizamani, ambazo pamoja na choki, kile kifaa cha kuwashia na kudhibiti umeme wa tyubu, hula wati 45 kila moja, kikitiwa tyubu za LED za wati 18 huokoa takriban yuniti 0.65 kwa saa sita za masomo. Kwa hivyo boya moja bovu laweza kumeza faida ya vyumba kumi na tano.

Kwenye vyumba vya kompyuta, msiangalie umeme peke yake. Kilo moja ya gesi ya R-410A ikivuja kwenye kiyoyozi, athari yake kwa kipindi cha miaka 100 inakaribia ile ya tani mbili za hewa ukaa. Fundi anayejaza gesi kila mwaka bila kutafuta tundu, mimi nisingemlipa.

Bi Mlezi

Samahani Fundi, hapo jikoni umepapita. Skuli yenye dakhalia, yaani bweni, hupika mara tatu kwa siku, na juu ya mafiga matatu ni sehemu ndogo tu ya moto, mara nyingi asilimia 10 hadi 15, inayoingia chunguni. Uliobaki unampasha mpishi. Jiko banifu lenye dohani, ambalo sufuria huzama ndani yake, hupunguza kuni kwa kiasi kikubwa, lakini likichomewa kuni mbichi faida hiyo hupotea kwa kukausha maji yaliyomo kwenye mti. Jengeni banda la kuni kwanza. Na maharage yalowekwe tangu usiku, jambo ambalo halihitaji bajeti wala kikao.

Mwalimu wa Wete

Ahsanteni sana. Bi, wengine wanasema tuhamie kwenye gesi ya mitungi moja kwa moja. Unaonaje?

Bi Mlezi

Gesi nayo ni mafuta ya ardhini, lakini kama kuni zenu zinatoka kwenye mikoko isiyopandwa tena, bado ina madhara machache zaidi, na macho ya wapishi yatapona. Shida ni mtungi kuchelewa kuvuka bahari. Kwa hivyo jiko banifu lisivunjwe.

Fundi Chake

Nakubali, Bi. Sola basi ifuate baada ya hayo, tena kwa mzigo wa mchana, pampu na feni, bila betri, maana betri ndizo zinazokufa mapema na kuacha mradi mzima umelala. Paa nalo likaguliwe kwanza: mabati yaliyokwishaliwa na chumvi ya bahari hayafai kufungiwa paneli zinazotarajiwa kudumu miaka 25.