"Run" si kukimbia tu: tupeane uzoefu wa neno hili la Kiingereza

Wakuu, heshima kwenu. Natafsiri mikataba, na neno linalonisimamisha kuliko yote lina herufi tatu: "run". Kamusi ya Oxford, toleo la pili la 1989, iliipa "set" ubingwa kwa maana 430. Baadaye mhariri wake Peter Gilliver aliikalia "run" miezi tisa, na kufikia 2011 kitenzi hicho pekee kilikuwa na maana 645.

Naanza na yangu. Mikataba ya ardhi ina masharti yanayosemwa kwamba "run with the land". Yaani sharti linaifuata ardhi, si mtu aliyetia saini: nikikuuzia kiwanja chenye sharti la kutomzibia jirani njia, nawe ukamuuzia mwingine, huyo naye linamfunga. Mimi huandika "litaambatana na ardhi". Mistari michache chini, upangaji "runs for two years", basi hapo unadumu miaka miwili. Ninyi mmekutana nalo wapi?

Nesi wa Zamu
Wodini, kila siku. Daktari akiandika lita moja ya maji "run over eight hours", dripu inatakiwa iishe kwa saa nane. Kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, hayo ni kama matone 42 kwa dakika: unashika saa, unahesabu, unasogeza kigurudumu kidogokidogo hadi yalingane. Barabarani "run over" hiyohiyo ni mtu kugongwa na gari, kwa hiyo wanafunzi wapya huwa nawaelekeza mapema. Pua ikiwa "running" ni kamasi. "The runs" ni kuhara.

Msomaji wa Lebo
Kwenye nguo: "colours may run". Inachuja, ifue peke yake.

Mwanafunzi wa Kijerumani
Mkuu, Kijerumani kina "rinnen", ndugu wa damu wa "run", na maana yake ni kutiririka. Kiingereza cha kale nacho kilitumia neno hili kwa miguu na kwa maji pia. Tangu nilijue hilo, bomba, kamasi, rangi ya nguo na hiyo dripu ya nesi vyote vimekaa mahali pamoja kichwani mwangu. Hazikuwa maana nne za kukariri.

Mwalimu wa Lugha
Darasa likilalamika kuhusu "run", naandika "piga" ubaoni. Piga simu, piga pasi, piga kura, piga magoti, piga chafya, piga deki. Hakuna mtoto aliyewahi kukariri orodha hiyo, aliokota kila moja pamoja na mwenzake. Basi na "run" nafundisha hivyohivyo: "run out of" na kuishiwa, "run into" na kukutana na mtu bila kutarajia, "run a business" na kuendesha biashara. Kuwapa watoto "run = kukimbia" peke yake daftarini ni kuwanyima lugha, nasema hivyo kwa moyo wote.

Mwandika Programu
Naunga mkono "kuendesha". Programu tunaiendesha, haina haja ya "ku-run".

Mfuatilia Siasa
Mmarekani "runs for office". Mwingereza kwa jambo hilohilo husema "stands". Kiswahili kinamaliza kwa kugombea.

Mleta mada
Asanteni sana, hiyo ya kutiririka nimeiandika kwenye daftari la kazi. Sasa wa baharini mnisaidie. Meli ikiwa "ran aground" kwenye miamba, naandika imepanda mwamba. Ikikwama kwenye fungu la mchanga, mabaharia mnasemaje?