Mjadala: Je, ni sahihi kumkataza mtoto mdogo Kiswahili nyumbani ili ajue Kiingereza?

Wazazi kadhaa ninaowafahamu hapa Dar es Salaam, ambao watoto wao wataingia shule za mchepuo wa Kiingereza, wameweka sheria kwamba mtoto asisemeshwe Kiswahili mpaka Kiingereza kimkae. Wanaowapinga hudai kwamba lugha mbili humchanganya mtoto na kumchelewesha kusema. Naona pande zote mbili zimekosea, ingawa kosa la upande wa kwanza ndilo linalomwumiza mtoto zaidi.

Dai la kuchanganyikiwa halihitaji maneno mengi. Mtoto wa lugha mbili huenda akawa na maneno machache katika kila lugha kuliko mwenzake wa lugha moja, lakini ukiyahesabu ya lugha zote mbili pamoja, kwa kawaida huoni upungufu wa kutia wasiwasi.

Hoja ya wazazi hao, kwamba mtoto awahi kukisikia Kiingereza, ina ukweli ndani yake. Mwaka 1984, huko Kanada, watafiti Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 kutoka familia za Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wanaosema Kiingereza huzitofautisha kwa shida, na kwamba kufikia miezi 10 hadi 12 uwezo huo ulikuwa umefifia sana. Mzazi anayetaka mwanawe asikie Kiingereza mapema hakosei, basi. Lakini akisikie kwa nani? Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walichapisha matokeo ya watoto Wamarekani wa miezi 9 waliopewa vipindi 12 vya Kichina: waliosomewa na kuchezeshwa na mtu aliyekaa mbele yao walijifunza sauti za lugha hiyo, na waliozisikia kupitia televisheni hawakujifunza. Katuni zinazowashwa tangu asubuhi hazimfanyii mtoto mchanga kazi tunayodhani zinamfanyia.

Hapo ndipo ninapomfikiria dada wa kazi. Wazazi huondoka alfajiri, na anayeshinda na mtoto hadi jioni mara nyingi ni binti aliyemaliza darasa la saba, ambaye Kiingereza chake hakizidi salamu na majina ya rangi. Akikatazwa kumwongelesha mtoto kwa Kiswahili, hageuki kuwa mwalimu wa Kiingereza; ananyamaza. Anamlisha, anamwogesha, anamvalisha, na yale yote ambayo yangekuja na maneno, kama vile maji ni ya moto, fumba macho, nani amemwaga uji, kiatu kingine kiko wapi, yanapita kimya. Nimeushuhudia ukimya huo katika nyumba za ndugu zangu, na umenihuzunisha kuliko kosa lolote la kisarufi.

Mtoto huhitaji mazungumzo mengi ili aichimbue kanuni mwenyewe. Binti yangu, akiwa na miaka mitatu, alikuwa akisema "kifaranga kimekimbia" na "kipepeo kimekaa", ingawa hakuna mtu nyumbani aliyesema hivyo. Alikwisha kusikia kwamba kikombe kimevunjika na kiatu kimepotea, akaipeleka kanuni hiyo kwa kila jina linaloanza na ki-. Miezi kadhaa baadaye, bila somo lolote, akagundua kwamba vyenye uhai vina upatanisho wao, akasema "kifaranga amekimbia". Kazi hiyo ya akili aliifanya kwa malighafi aliyopewa na bibi yake, ambaye alimwongelesha mchana kutwa. Sioni jinsi ambavyo angeifanya kwa kusikia amri tatu nne za Kiingereza kila siku.

Najua hofu ya wazazi inakotoka. Katika shule zetu za serikali mtoto husoma msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza humpokea kwa Kiingereza, na wengi wetu tuliteseka pale. Kwa sababu hiyo simlaumu mzazi mwenye ufasaha wa Kiingereza anayekitumia kwa wanawe kila jioni. Ninachokipinga ni katazo linalomfunga mdomo kila mtu mwingine ndani ya nyumba.

Wanaolitetea katazo hilo naomba wanijibu hili: katika saa zote ambazo baba na mama hawapo, mtoto anazungumza na nani, na kwa lugha ipi mtu huyo anaweza kulijibu swali lake?