Mama anakunywa mofini na hajapata choo siku 7: je, dawa isimamishwe?

Muuguzaji, Morogoro

Ndugu zangu, namuuguza mama yangu nyumbani. Ana miaka 68, ana saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kusambaa, na huu ni mwezi wa kwanza anakunywa mofini ya maji kila baada ya saa 4. Maumivu yametulia, na usiku sasa analala, jambo ambalo nyumba nzima ilikuwa imelisahau. Tatizo ni kwamba amemaliza siku 7 bila haja kubwa. Wifi yangu alishauri uji mzito wa dona. Tukampa, tumbo likazidi kujaa. Tangu juzi anatokwa na majimaji kidogo kidogo, yanayochafua shuka bila yeye kuhisi, na nilipoeleza hivyo duka la dawa nikauziwa loperamaidi ya kuzuia kuharisha. Sijampa bado. Kaka yangu anataka mofini isimamishwe kabisa. Je, mama anaharisha au amefunga choo? Waliotupatia mofini hawakutugusia habari ya choo hata kidogo.

Muuguzi wa tiba shufaa (huduma ya kuwapunguzia mateso wagonjwa wa maradhi mazito)

Pole kwa kuuguza. Vidonge hivyo usimpe. Kwa maelezo yako, ninachohofia ni choo kilichokauka na kuziba njia, huku majimaji ya juu yake yakipenya pembeni na kuonekana kama kuharisha. Loperamaidi ni ya ukoo mmoja na mofini, ila yenyewe hufanya kazi kwenye utumbo, hivyo itamfunga zaidi.

Mofini hupunguza mwendo wa utumbo, choo hukaa humo muda mrefu, na maji yake hunyonywa mpaka kikawa kigumu. Usingizi na kichefuchefu cha siku za mwanzo mwili huvizoea. Kufunga choo hauzoei, na ndiyo sababu dawa ya choo hupaswa kuanza siku ileile mofini inapoanza. Mkisimamisha mofini maumivu yatarudi, na choo kile kigumu kitabaki palepale. Kuhusu dona, pumba huhitaji maji mengi na utumbo unaosukuma, na mama hana kimojawapo.

Jambo la kuangalia leo hii: je, anatapika, tumbo linabana na kuachia, au hatoi hata upepo? Saratani ya eneo hilo inaweza kuuziba utumbo wenyewe, na hapo dawa inayousukuma itamdhuru, mpelekeni hospitali. Kama dalili hizo hazipo, mwiteni muuguzi ampime kwa kidole chenye glavu. Akikuta choo kimejaa, atakilainisha na kukitoa kwa dawa ya kuweka njia ya haja kubwa, kisha ndipo mama ataanzishiwa bisakodili, dawa ya choo inayosukuma utumbo, usiku, kwa kawaida miligramu 5 au 10, ikiongezwa kadiri atakavyoelekeza.

Mtunzaji wa wazee, Nakuru

Katika makao ninamofanya kazi wengi hawatumii mofini, lakini shida ni hiyohiyo. Wazee hunywa maji machache wakihofia kutusumbua kuwapeleka msalani, na baadhi yao wanatumia vidonge vya kuongeza damu, ambavyo navyo hufunga choo. Mzee mmoja alianza kuweweseka na kushindwa kukojoa, nasi tukadhani ni uzee, kumbe alikuwa na siku 9 bila choo. Tangu hapo tunaandika kila mmoja alipopata choo, na ikipita siku ya 3 hatungoji. Mama akiweza kuketi, mkalisheni kwenye kiti chenye poti baada ya kifungua kinywa, wakati utumbo unapoamka, miguu ikiwa juu ya kigoda, halafu mwondoke mfunge mlango. Aibu nayo hufunga choo.

Mgeni

Kwetu tunasaga mbegu za papai zilizokaushwa. Je, zinafaa?

Muuguzi wa tiba shufaa

Zimetajwa hata katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa huduma za nyumbani: nusu kijiko cha chai kwenye maji. Zinasaidia pale ambapo vidonge havipatikani, ila kwa choo kilichokwisha kuziba msizitegemee.

Muuguzaji, Morogoro

Hakuwa anatapika. Muuguzi wa zahanati alikuja jana, akakuta kimejaa kama mlivyosema, na baada ya kazi ya karibu saa nzima mama alipata nafuu na akaomba chai. Ameanza bisakodili. Je, choo kikiwa cha kawaida tuiache?

Muuguzi wa tiba shufaa

Hapana, itaendelea maadamu mofini inaendelea, na siku dozi ya mofini itakapopandishwa mwulizeni daktari kuhusu hii pia. Choo kikilegea mno, ruka usiku mmoja kisha umjulishe muuguzi wenu, ila kwanza hakikisheni kwamba si yale majimaji ya pembeni yamerudi.