Mwaka mzima naambiwa "nimeisoma skripti yako", kumbe hata nusu hawakufika!

Wakuu, nina hasira na leo sitaificha. Mwaka unaisha, na kila nikiupitia nagota palepale: wanaotaka stori zetu sisi waandishi wa filamu hawataki kuzisoma.

Mwaka huu nimetazama filamu karibu kila usiku. Nyingine narudia, mara ya pili nikiwa na daftari, nasimamisha kila sini (kipande kimoja cha tukio) inapoisha na kuandika nani alitaka nini na nani kamzuia. Ndiyo shule yangu. Skripti yangu nimeiandika upya mara sita hadi ikatulia kwenye kurasa 104. Walio kwenye fani wanajua hesabu yake: ukurasa uliopangwa kwa kanuni, herufi za Courier saizi 12, ni kama dakika moja kwenye skrini. Kwa hiyo namwomba mtu muda usiozidi sana ule wa kutazama filamu moja.

Mwezi wa tatu prodyuza mmoja akaiomba. Yeye ndiye aliyeomba, mimi sikumfuata. Nikaituma usiku uleule. Kimya. Nikakumbusha, nikaambiwa ratiba imebana. Mwezi wa nane ndipo jibu likaja, mistari mitatu: ameisoma yote, iko vizuri, ila mtazamaji hatajua kwa nini mama alimkana mwanawe.

Mama anasema, jamani! Ukurasa wa 71. Amekaa kwenye kitanda cha mwanawe, anakunja shati lake, analikunjua, analikunja tena, halafu anaitamka sababu kwa sentensi moja. Sini ile ilinila wiki mbili. Ilikuwa kurasa tano, nikaikata hadi ukurasa mmoja na nusu, kwa sababu filamu nzima imesimama pale. Huwezi kuisoma skripti yote ukaikosa. Angeniambia hajapata nafasi ningemwelewa kabisa. Kilichoniuma ni kudanganywa, tena baada ya kusubiri miezi mitano.

Mwingine akaniambia niachane na karatasi, nimsimulie tu, ana watu wake wa kuandika. Wadogo zangu mnaoanza, hapo muwe macho! Hakimiliki hailindi wazo. Inalinda namna ulivyoliandika, na kwa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haki hiyo haisubiri usajili ili iwepo. Ukishamwaga stori mezani kwa mdomo, kesho utathibitisha vipi kwamba ilikuwa yako?

Wa tatu alitaka nibadilishe mwisho na niongeze mapenzi, malipo "tutaangalia filamu ikiuza". Mwenye kamera za kukodi haambiwi hivyo. Mwenye taa haambiwi hivyo. Ni mwandishi peke yake anayetakiwa kufanya kazi kwa imani, na bila yeye hakuna cha kurekodi siku hiyo.

Halafu kuna wanaonitisha kwamba akili mnemba (AI) itaandika yote bure. Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, kuanzia Mei 2 hadi Septemba 27, na mkataba waliotoka nao unasema kinachotolewa na akili mnemba hakihesabiki kuwa maandishi ya mwandishi. Wale wana chama kinachoweza kusimamisha kazi nzima. Sisi tunaoanza kila mtu anahangaika na barua pepe zake peke yake, ndiyo maana tunachezewa.

Kuanzia sasa sitamsimulia mtu kwa mdomo, na sibadilishi hata mstari mmoja bila makubaliano ya maandishi. Najua nitakosa milango kadhaa. Acha niikose.

Ninachotaka kujua kwenu: kuna yeyote mwaka huu aliyesomwa kweli? Namaanisha kuulizwa swali ambalo lisingeweza kutoka kwa mtu ambaye hajafika ukurasa wa mwisho. Kama yupo, aseme alimpataje msomaji huyo.