Hilux 5L ya zamani au Ranger 3.2? Nashusha viazi Isyonje hadi Uyole

mkulima_isyonje
Wakuu, heshima kwenu. Nina milioni 24 na nimechoka kukodi. Kazi yangu ni viazi: natoa shambani Isyonje, nashusha Uyole hapa Mbeya, mara tatu kwa wiki msimu ukichanganya. Barabara za ndani wakati wa mvua mnazijua wenyewe. Nimeona pikapu mbili. Ya kwanza ni Hilux singo kabini ya 2003, injini ya dizeli 5L, namba za usajili za C, rangi imechoka ila chesesi safi, mwenyewe anataka 21. Ya pili ni Ford Ranger dabo kabini ya 2013, 3.2, inang'aa hatari, 24 na maongezi yapo. Moyo wangu uko kwa Ranger, siwafichi. Mke wangu anasema Hilux. Nishaurini.

fundi_mwanjelwa
Nianze na 5L. Cc 2,986, haina turbo (ile ya kusukuma hewa zaidi kwenye injini), pampu ya dizeli ya kimakanika, hakuna kompyuta ya kukusumbua. Ikigoma huko saa mbili usiku, fundi mwenye spana na tochi ya simu anakutoa. Ugonjwa wake mkubwa ni joto. Injini za ukoo huu wa L hazisamehi kuchemsha. Rejeta ikiziba, au mtu akizoea kujaza maji ya mtoni badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini), silinda hedi inapinda au inapasuka, halafu unaona maji yanapungua na huoni yanapovujia. Halafu kuna mkanda wa taiming, ni wa raba, unabadilishwa kila kilomita 100,000. Muuzaji akikwambia "ulibadilishwa juzi tu", omba risiti. Hana? Hesabu kwamba haujabadilishwa.

Ranger 3.2 ni gari nzuri, wenye nazo msinirukie. Silinda 5, turbo, inavuta kweli. Ila nozeli zake, zile za kupulizia dizeli, hazitaki dizeli ya kwenye madumu, na ukibadilisha nozeli lazima mtu mwenye mashine aitambulishe kwenye kompyuta ya gari. Kipoozeo cha EGR (mfumo wa kurudisha moshi kwenye injini) nacho kinajulikana kupasuka na kuanza kula kulanti. Lakini kinachoniogopesha zaidi ni jambo dogo la kumwaga oili. Kwenye hiyo injini ukimwaga, oili mpya inatakiwa iingie ndani ya dakika kama 10. Ukiiacha tupu muda mrefu, pampu ya oili inashindwa kuvuta ukija kuwasha, injini inazunguka kavu na inanoki. Sasa sisi mafundi tumelelewa kuacha oili ichuruzike mpaka tone la mwisho, tena katikati tunaenda kunywa chai.

tairi_mbili_nyuma
Fundi umesahau kwamba hapa si Dar. Mbeya mjini tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, Isyonje juu zaidi. Injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hiyo 5L ina nguvu za farasi zisizofika 100 tangu kiwandani, huku kwetu unabaki na themanini hivi au pungufu. Panda na tani moja uone utakavyosindikizwa na malori. Turbo ndiyo gari ya nyanda za juu.

mama_lumbesa
Kaka yangu, soma swali vizuri. Mzigo wake unashuka, haupandi! Anapanda mtupu na mbolea kidogo. Farasi 200 ni za nini, kuwaonyesha watu pale Igawilo?

Mimi nina Hilux kama hiyo mwaka wa sita, na naandika kila shilingi kwenye daftari. Mwaka jana nilitembea km 24,000. Napata km 9 kwa lita, kwa hiyo lita kama 2,670. Kwa bei ya 2,800 ni milioni 7 na laki 5 hivi. Matairi manne milioni 1.4. Oili na filta mara tano, laki 6 jumla. Springi za nyuma, bushi na bolijointi, 750,000. Klachi 480,000. Ukiacha dizeli ni milioni 3 na laki 2 na ushee, bima na ujira wa kijana bado. Leseni ya barabara ya kila mwaka tulishaondolewa tangu 2017, siku hizi inakatwa humo humo kwenye mafuta.

Klachi na springi nilizila mwenyewe. Nilikuwa napakia magunia 14 ya lumbesa, yale ya kujazwa kupita kiasi. Gunia moja kilo 130, piga hesabu: zaidi ya tani 1.8 kwenye gari ya tani moja. Siku hizi napakia nane tu, na springi hizo bado zimesimama.

kijana_wa_sae
Mama kamaliza. Naongeza breki, maana mzigo unaoshuka unakula breki. Kuna madereva wanateremka na fri, gia haijaingia, wakidhani wanabana mafuta, wakifika chini pedi zinatoa harufu na kanyagio limelainika. Shuka na gia ya tatu au ya pili, acha injini ikushike. Na ukishanunua, badilisha maji ya breki bila kusubiri. Yanavuta unyevu, yakipata moto yanachemka na breki inakuacha.

Mimi nilipigwa kwenye pikapu yangu ya kwanza. Nilifika saa tano mchana, gari inaunguruma tayari, eti alikuwa ametoka kuipeleka dukani. Nikaiona inawaka vizuri. Kesho yake asubuhi, mwezi wa saba, Uyole na ile baridi yetu, iligoma mpaka tukaisukuma watu wanne. Hita plagi zote, zile za kupasha injini moto kabla ya kuwaka, zilikuwa zimekufa na injini inapumua, yaani inasukuma moshi kwenye kifuniko cha oili. Kwa hiyo nenda alfajiri bila kumwambia muuzaji saa, shika boneti. Ikiwa ya moto, rudi nyumbani. Ikiwa baridi, washa, fungua kifuniko cha oili, tazama. Mvuke kidogo si neno. Ukiona moshi unasukuma kama sufuria ya ugali, achana nayo.

tairi_mbili_nyuma
Sawa, ya mzigo kushuka nakubali. Ila akiwa na watoto atawaweka wapi kwenye singo kabini?

mama_lumbesa
Kwani kasema anapeleka watoto sokoni?

mkulima_isyonje
Wakuu, ndaga fijo, asanteni sana. Leo saa kumi na mbili asubuhi nimebisha hodi kwa mwenye Hilux, kafungua na shuka mabegani. Boneti baridi kama jiwe. Imewaka mara ya pili, moshi mweupe kidogo ukapotea. Kifuniko cha oili hakisukumi. Kulanti ina rangi ya kutu, hiyo sijaipenda. Risiti ya mkanda hana. Nimemwambia 19 na nusu, nikamuonyesha kulanti na kumuuliza mkanda. Kanyamaza, kasema atanipigia. Ranger hata sijaenda kuiangalia tena, nikiiona nitashindwa kujizuia. Fundi, Jumamosi upo? Nataka uangalie rejeta na hedi kabla sijatoa hela.

fundi_mwanjelwa
Nipo. Iletwe baridi, kabla ya saa mbili, na aiendeshe mwenyewe nikiwa pembeni. Nunua na kulanti kabisa.