Amri ya mahakama ipo, ila mzazi mwenzangu ananinyima mtoto. Nianzie wapi?

Baba_K:
Wakuu, habari za jioni. Mahakama ya Wilaya ilivunja ndoa yetu na kuamuru tumlee mtoto kwa pamoja. Ana miaka 8. Siku za shule anakaa kwa mama yake. Mwisho wa wiki na nusu ya likizo awe kwangu. Kila Ijumaa ikifika kuna sababu: mtoto anaumwa, kuna sherehe, simu haipokelewi. Kwa hapa Tanzania nina njia zipi za kisheria? Polisi wanaweza kwenda kumchukua? Na nikisimamisha matunzo mpaka nimwone, nitakuwa na kosa?

Wakili_Familia:
Mkuu, matunzo usiyaguse. Ni haki ya mtoto, si malipo ya kumwona. Ukiyasimamisha, mwenzako naye atafungua maombi ya kukudai, na wewe unayelalamika kuwa amri imevunjwa utakuwa umeivunja pia. Lipa kwa benki au kwa simu ili kumbukumbu ya muamala ibaki.

Halafu nenda masjala, chukua nakala ya amri yenye muhuri, uisome neno kwa neno. Mwisho wa wiki unaanza saa ngapi? Nani anamfuata mtoto, na wapi? Maombi mengi yanakwama hapa. Ili mtu aonekane amedharau amri, ni lazima amri iwe wazi, awe anaijua, na awe ameikiuka kwa makusudi. Kama haina saa wala mahali, atajitetea kuwa alikusubiri na wewe hukutokea.

Kwa hiyo, kama amri yako iko hivyo, rudi kwanza mahakama ileile iliyoitoa, na hati ya maombi na kiapo, uombe iboreshwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inairuhusu mahakama kubadili amri ya ulezi hali zinapobadilika. Omba mambo yanayopimika: mtoto achukuliwe Ijumaa saa 10 jioni getini shuleni na arudishwe Jumapili saa 12 jioni, akiumwa, upewe taarifa na cheti cha hospitali siku hiyohiyo, wikiendi zilizopotea zifidiwe kwenye likizo. Makabidhiano ya shuleni yanasaidia sana, maana wazazi hawakutani mlangoni. Mkuu wa shule apewe nakala ya amri.

Amri mpya ikivunjwa, hapo ndipo unafungua maombi ya kudharau mahakama. Hakikisha alipelekewa amri hiyo na upo uthibitisho wa kupokea. Ila ujue mahakimu wengi husita kumfunga mzazi anayeishi na mtoto, na kwa kweli mtoto hafaidiki mama yake akiwa mahabusu.

Ustawi_Mkoani:
Naongezea kuhusu polisi. Dawati la Jinsia na Watoto linashughulikia mtoto anayepigwa, anayenyimwa chakula, aliye hatarini. Kumtoa mtoto kwa mzazi mmoja na kumpa mwingine wataomba maelekezo ya mahakama. Nawe usiende kumnyakua shuleni siku isiyo yako: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mwenye ulezi wake.

Fika kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri anakoishi mtoto. Hawezi kutengua wala kukazia amri ya hakimu, lakini atawaita wote wawili, na mkikubaliana mtaandikiana. Mkishindwana, mahakama inaweza kumwagiza aandae taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Humo anaandika mazingira ya nyumba zote mbili na maoni ya mtoto. Tafadhali usimfundishe mtoto la kusema. Sheria inataka maoni aliyoyatoa kwa hiari yake, na mtoto wa miaka 8 anayekariri maneno ya mtu mzima anajulikana mapema.

Paraligo_Kata:
Ushahidi sasa. Kila Ijumaa tuma ujumbe mmoja mfupi wenye adabu: "Nitafika saa 10 kumchukua mtoto kama amri inavyosema." Fika kweli, ukiwa na shahidi asiye ndugu yako, mjumbe wa mtaa anafaa. Andika tarehe, saa na jibu ulilopewa. Matusi ukitukanwa usiyajibu, kwa sababu hakimu atasoma mazungumzo yote, na yako yamo.

Picha za skrini peke yake hazitoshi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaangalia kama ushahidi unaaminika, kwa hiyo kiapo chako kieleze simu ni ya nani, ujumbe ulihifadhiwaje na nani aliuchapisha. Simu yenyewe usiiuze wala kuifuta.

Baba_K:
Nimewaelewa, asanteni sana. Akitaka kuhama naye nje ya nchi je?

Wakili_Familia:
Usisubiri asafiri. Mahakama inaweza kuzuia mtoto asitolewe Tanzania. Omba kwa hati ya dharura, ambatisha dalili ulizonazo (tiketi, barua ya uhamisho wa shule, ujumbe wake), na amri ikitoka peleka nakala Uhamiaji siku hiyohiyo.