Naomba ushauri: betri ya gari la porini, moja kubwa au mbili?

Wakuu, habari zenu. Betri ya gari langu la dizeli imechoka. Likilala usiku mmoja tu, asubuhi nakuta volti 11.9, wakati betri iliyojaa husoma kama 12.6. Altaneta, ile inayochaji betri, nimeipima, inatoa volti 14.2 injini ikiunguruma, kwa hiyo hiyo siilaumu.

Nina winchi (ya kuvutia gari likikwama) na friji ndogo. Nahisi friji ndiyo iliyoiua, maana betri ya kuwashia haipendi kunyonywa hadi chini. Sasa nifunge AGM (betri iliyofungwa, isiyoongezwa maji) moja kubwa, au mbili zilizotenganishwa, moja ya kuwashia na nyingine ya friji? Ya maji ni nafuu, ila mitikisiko ya mashimo huvunja sahani za ndani. Mliofunga mbili, winchi mliiunga kwenye ipi?